Lundo la vumbi la mbao: kabla hujanunua mashine, tazama meno ya msumeno

*“Habari za kazi, mtaalamu. Nina kiwanda kidogo cha mbao hapa Mafinga, mashine mbili za dingdong (zile za msumeno wa mviringo) na randa moja. Magogo ya paina nanunua kwa wakulima wa vijijini, na milingoti (mikaratusi) kidogo. Lundo la vumbi limekuwa kubwa kuliko ofisi yangu, na liko juu ya bonde ambako akina mama wana vinyungu vyao, bustani za bondeni. Serikali ya kijiji imeniandikia barua. Sasa amekuja kijana mshauri, anasema nikinunua mashine ya kushindilia vumbi liwe mkaa mbadala, na nikapanda mti kwa kila mti ninaoupasua, kiwanda changu kitakuwa cha ‘usanifu wa kuhuisha’ na wafadhili watanifuata wenyewe. Bei ya mashine si ya mchezo. Je, ni kweli? Halafu jirani yangu alimwaga vumbi kwenye shamba la mahindi, mahindi yakawa njano, na watu wanasema vumbi la paina lina sumu. Nianzie wapi?”*

Kamwene, ndugu yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa. Wengi huniuliza mashine ikishaanza kuota kutu.

Nianze na mahindi ya jirani, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuletea lawama isiyo yako. Mahindi yale hayakunyweshwa sumu, yalishikwa na njaa. Vijidudu wanaoozesha mabaki kwenye udongo hula kaboni, lakini ili wajenge miili yao wanahitaji na naitrojeni, kama sehemu moja kwa kila sehemu 25 hadi 30 za kaboni. Vumbi bichi la paina lina sehemu moja tu ya naitrojeni kwa sehemu 400 na zaidi za kaboni. Ukilifukia shambani ni kama umewaletea wageni mia sufuria la ugali bila mboga. Wataula, lakini mboga wataifuata jikoni kwako. Jiko ni udongo, na mboga ni ile mbolea aliyoinunua jirani yako kwa ajili ya mahindi. Ndiyo maana njano ilianzia majani ya chini, tena katikati ya jani kuanzia nchani: mmea unahamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Mwambie asikate tamaa na shamba. Vijidudu wale wakimaliza kazi hufa, na naitrojeni hurudi udongoni. Msimu huu apande maharage pale, kwa kuwa maharage hujitafutia naitrojeni hewani.

Vumbi hilohilo likiozeshwa kwanza ni mali. Njia ninayoipenda haina gharama kubwa, na inaanzia kwenye randa yako. Maranda makavu wape wafugaji wa kuku wayatandike bandani, kwa makubaliano kwamba wakifagia banda unayachukua. Yanarudi yameshachanganyika na samadi ya kuku, ambayo ina naitrojeni nyingi. Hapo ndipo unachanganya na vumbi la dingdong, unamwagia maji hadi ukilikamua kiganjani litoe tone moja mbili, unalirundika kwa kimo cha kiuno au zaidi, na kuligeuza kila baada ya wiki mbili tatu. Choma nondo katikati ya lundo, iache dakika kumi, uichomoe. Ikiwa huwezi kuishika, lundo linafanya kazi. Ikiwa ya baridi, ongeza samadi au maji. Kwa baridi ya Mafinga usitegemee mbolea kwa miezi mitatu kama wanavyoahidi watu wa pwani, jipe mwaka. Likishakuwa jeusi, linanuka msitu baada ya mvua na halipati moto tena hata ukiligeuza, lipeleke shambani bila wasiwasi.

Sasa hilo jina kubwa. Usanifu wa kuhuisha si uongo wa mjini. Katika miaka ya 1990 John Lyle, mwalimu wa usanifu wa mandhari huko California, alieneza wazo kwamba haitoshi kwa mji au kiwanda kupunguza madhara. Kinaweza kupangwa hivi kwamba kazi yake ya kila siku inarudishia ardhi na maji uwezo wake wa kujizalisha. Kijana wako amechanganya wazo hilo na wazo jingine linalokaribiana nalo, yaani matumizi ya mabaki. Mfano unaotajwa sana wa matumizi ya mabaki ni Kalundborg, mji wa bandari wa Denmark. Tangu 1972 viwanda vya pale vimekuwa vikipeana mabaki: gesi ya kiwanda cha kusafisha mafuta ilikaushia bodi za jasi za kujengea, na mvuke wa mtambo wa umeme ukapasha joto nyumba za mji. Ni kazi ya akili, siibezi. Ila mtambo ule wa umeme uliendelea kuchoma makaa ya mawe kwa miongo mingi. Mabaki yalizunguka vizuri, na chanzo kikaendelea kuchimbwa.

Kwako, kwa hiyo, lundo linakuja baadaye. La kwanza ni hili: vijiji unakonunua magogo, vikikuuzia kwa miaka 20, vitabaki na udongo, maji na miti bora kuliko leo, au pungufu? Kiwanda cha kuhuisha ni kile ambacho jibu lake ni “bora”, na kinaweza kuonyesha kwa nini.

Twende kwenye mashine zako. Mwaka juzi nilisimama kando ya dingdong moja huko Mufindi, fundi akipasua mbao za inchi moja. Nilimwomba azime, nikapima upana wa njia ya msumeno kwenye gogo: milimita 7. Fanya hesabu mwenyewe. Kila mbao ya milimita 25 inapita na milimita 7 za vumbi. Katika kila milimita 32 za gogo, 7 zimeruka hewani. Hiyo ni asilimia 22, kabla hujahesabu mabanzi. Msumeno wa mkanda wenye njia ya milimita 2.5 ungepoteza kama asilimia 9. Kisha nikapima mbao yenyewe: ncha moja milimita 24, ncha ya pili 31. Fundi alicheka akasema, “Mteja akipima ncha nene anafurahi.” Mteja alifurahi, lakini zile milimita za ziada ulizinunua wewe, zikapakiwa lori, zikapasuliwa kwa dizeli yako, na kiwanda cha samani kikizipiga randa zinaishia kuwa maranda.

Unaona tatizo la mashine ya mkaa mbadala? Ukishaikopea, vumbi linakuwa malighafi, na mtu hapunguzi malighafi yake. Utajikuta unaogopa kununua msumeno mwembamba. Nimeliona hilo kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja: mashine ilipokosa vumbi, walianza kusaga mabanzi ambayo maseremala wa mtaani walikuwa wakiyanunua kutengenezea makreti ya nyanya na mizinga ya nyuki. Banzi la kreti likageuzwa moshi, na wakaita maendeleo.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye meno. Noa kwa ratiba, si mpaka msumeno uanze kulia. Nyoosha reli za kitoroli. Badilisha beringi zinazocheza. Mpe fundi kalipa ya kupimia unene, na umlipe kwa mbao zilizotoka sawa badala ya idadi ya magogo aliyoyapitisha kwa siku. Kwa haya tu, bila mashine mpya, upotevu wa unene unashuka. Msumeno wa mkanda ufuate ukishaona hesabu zako za miezi sita, na ukiwa na mtu anayejua kuuchomelea na kuuvuta. Bila huyo, mkanda unakatika kila wiki na unarudi kwenye dingdong ukiwa na deni.

Sisemi mkaa mbadala haufai kabisa. Soko lipo na linakua: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake, na shule na vyuo vimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Lakini zingatia maji. Vumbi linalotoka kwenye gogo bichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na mashine ya kushindilia inataka vumbi lenye unyevu wa kama asilimia 10 hadi 12. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na ukungu huu wetu, utalikaushia wapi? Mwuzaji akikuonyesha mashine, mwulize bei ya kikaushio. Mwulize pia parafujo ya kushindilia inadumu saa ngapi na nani hapa nchini anaijaza upya ikilika. Akianza kuzungukazunguka, mnunulie chai umuage.

Joto, hata hivyo, unalo tayari, na unalitupa. Mabanzi yasiyofaa kreti wala uzio yanaweza kuchomwa kwenye tanuri dogo linalopuliza hewa moto ndani ya chumba cha kukaushia mbao. Mbao bichi ya paina huwa na maji mengi kuliko uzito wa mti mkavu wenyewe. Inasafirishwa hivyo hadi Dar es Salaam, na njiani inaota ule ukungu wa bluu, ikifika inapinda. Unalipa nauli ya maji. Ukiikausha hapa hadi asilimia 12 hadi 15, lori linabeba mbao nyingi zaidi, hazipindi ovyo, na mnunuzi wa samani anakutafuta. Kama tanuri ni gharama, anza na banda la nailoni kama kitalunyumba, lenye feni, sakafu iliyoinuka na fito za kutenganisha mbao. Jua la Juni hadi Oktoba linatosha kukufundisha kabla hujaanza kuchoma chochote.

Majivu yatabaki. Yana kalsiamu na potasiamu, hayana naitrojeni, na yanapunguza uchachu. Udongo wetu wa Mufindi na Njombe mwingi ni mchachu, kwa hiyo mahindi na maharage yanayapokea vizuri, ila kwa kiasi. Chai usiipelekee, yenyewe inapenda uchachu. Viazi pia uwe mwangalifu, uchachu ukipungua sana ugonjwa wa magamba kwenye ngozi ya kiazi hupata nafasi. Na majivu yasikae pale yatakaposombwa kwenda kijitoni; ni makali kiasi cha kuchubua mikono, sembuse samaki.

Hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Kama unapasua au unapiga randa mbao zilizotiwa dawa, au unakata vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, mabaki yake yasichanganyike na hayo mengine hata kiganja kimoja. Dawa inayotumika sana, ile inayoacha mti na rangi ya kijani, ina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu kali. Ukichoma, aseniki nyingine inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Ukiyapeleka maranda yake kwa mfugaji, kuku watadonoa. Ukiyaozesha, umeipanda shambani. Tenga eneo, weka pipa lenye alama, na ulizia chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira namna ya kuyaondoa. Kiwanda kisichoweza kutenga mabaki haya kisijiite cha kuhuisha, hata kingepanda miti milioni.

Hiyo miti nayo. “Mti kwa mti” inasikika vizuri kwenye bango, lakini mche wa sentimita 30 haulipi deni la mti wa miaka 20, na mlingoti uliopandwa kwenye chemchemi unaongeza deni. Wakulima wanaokuuzia wanafanya nini? Wengi wanakata paina ikiwa na miaka minane, tisa, kwa sababu ada ya shule haisubiri. Kwenye Shamba la Miti la Sao Hill, jirani zako, paina ya mbao huachwa miaka 18 na zaidi. Gogo changa ni dogo, kwa hiyo sehemu kubwa inaishia banzi. Mti wake haujakomaa, kwa hiyo mbao inapinda. Na kwa kila ujazo wa mbao linabeba virutubisho vingi zaidi vya udongo kuliko gogo pevu. Ukimnunulia mkulima magogo machanga mara mbili katika muda ambao angevuna mara moja, shamba lake linachoka, msumeno wako unalia, na vumbi linaongezeka. Lundo lako limeanzia kule, miaka tisa kabla halijafika uani kwako.

Hapo ndipo pesa ya mashine ya mkaa ingefanya kazi ya kuhuisha kweli. Ingia mkataba na wakulima kumi tu. Wafundishwe kupogoa na kupunguza miti. Miti inayopunguzwa iuzwe mirunda na nguzo za uzio, ndiyo ada ya shule, na iliyobaki inenepe. Tangaza bei ya juu kwa gogo nene, uibandike ukutani ili kila mkulima aone kusubiri kunalipa kiasi gani. Magogo yamenywe magamba shambani, yasije nayo kiwandani, kwa kuwa gamba na majani ya sindano ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kalsiamu na virutubisho vingine. Yakibaki shambani yanarudi udongoni bure, na msumeno wako haulambi mchanga ulioganda kwenye gamba. Baada ya kuvuna wasichome moto masalia, kwani naitrojeni huondoka na moshi na mwaka mmoja wa upepo mbaya unaunguza hata shamba la shemeji. Na mbolea yako ya vumbi, lori linapokwenda tupu kufuata magogo, liibebe. Kuna kitu cha haki katika lori linaloondoka na gogo likirudi na udongo.

Kwenye chemchemi na kingo za mito, saidia kuotesha miti ya asili kama mivengi badala ya milingoti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukianza na chemchemi moja ya kijiji chako, ukaipa uzio na miche, barua inayofuata huenda ikaandikwa kwa sauti nyingine.

Na ile barua ya serikali ya kijiji ina haki. Maji ya mvua yakipita kwenye lundo bichi yanatoka na rangi ya chai ya rangi. Yana tanini na vitu vingine vya mti, na yakiingia kijitoni vijidudu huyashambulia na kumaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Vyura ndio wa kwanza kuhama. Lundo kubwa pia hujipasha moto ndani kwa ndani na linaweza kufuka moshi bila kuwashwa. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, lihamishe ligawanyike malundo madogo, mbali na mteremko, juu ya ardhi iliyoshindiliwa, na chimba mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni. Upande wa chini acha ukanda wa nyasi ndefu. Na vijana wanaozoa vumbi wavae barakoa za maana. Vumbi la mbao linatambuliwa kimataifa kuwa linasababisha saratani ya pua, na mapafu hayasubiri hadi uzeeni.

Kuna mambo sitaweza kuyaamua kutoka hapa. Kabla ya kumwaga mbolea au majivu kwenye mashamba ya watu, peleka sampuli za udongo kituo cha utafiti cha TARI Uyole, Mbeya, wapime uchachu. Ukiamua kuweka tanuri la mvuke, usikubali fundi wa kuchomelea wa mtaani akujengee. Chombo cha mvuke kinakaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kikipasuka hakichagui. Juu ya umbali wa kiwanda na kijito, ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa mjini, nenda nao uwanjani wapime kwa mkanda, kwa kuwa makadirio ya macho yameshawagharimu wengi. Kwa kunoa na kupanga msumeno, pale Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Mpeleke fundi wako kabla ya kumleta mwingine wa kutoka mbali.

Na wiki hii, bila gharama yoyote, chukua chupa mbili tupu za maji. Jaza moja kwenye kijito kabla maji hayajafika usawa wa lundo lako na nyingine baada ya kulipita, ziandike tarehe, uziache zitulie usiku kucha. Asubuhi zipeleke zote mbili kwa mwenyekiti wa kijiji, hata kama ya pili ina rangi ya kukutia aibu. Jaza tena baada ya mvua ya kwanza kubwa, ukiwa umeshahamisha lundo, na hizo nazo umpelekee.